Springi ya 504 Haikatwi

Injini za mafundi wetu ni nzuri, nyaya zimefungwa kwa mpangilio, na keji ya kumkinga dereva imechomelewa na mtu anayejua kazi. Sifa hizo wanastahili, nami nazitoa kwa moyo mweupe. Kinachonikera ni uamuzi wa dakika kumi unaozidi kuzoeleka kwenye magereji yanayoandaa Peugeot 504 kwa mbio za magari ya zamani. Fundi anaishusha shokapu ya mbele, anaitoa springi, anawasha grenda, anakata koili moja na nusu, anarudisha kila kitu mahali pake. Gari linalala. Linapigwa picha, linasifiwa, kisha linapelekwa kwenye changarawe, mitaro na matuta. Ni kosa, na halihitaji kuzungukwa kwa maneno ya adabu: anayekata springi ya 504 anatupa kile kitu hasa kilichoifanya 504 iheshimiwe Afrika nzima.

Mliotazama magari haya yakipita mnaijua ile sekunde. Gari linapanda tuta, magurudumu yanaachana na ardhi, linatua. Gari lenye springi kamili linazama, linanyanyuka mara moja, linaendelea na safari yake. Lililokatwa springi linatoa mlio mkavu, kama nyundo juu ya tangi tupu, na pua yake inaruka upande. Watu husema dereva amekosea mstari. Dereva hana kosa. Chukua springi yenye koili 7 zinazofanya kazi. Ukikata moja na nusu zinabaki 5.5, na ugumu wake unapanda kwa asilimia 27, kwa sababu springi huwa ngumu kadiri koili zinavyopungua. Hapo ndipo fundi anapofurahi, anasema gari sasa limekaza. Lakini nguvu ya kishindo ambayo springi inaweza kuimeza hutokana na ugumu wake mara mraba wa umbali inaoweza kubonyea. Tuseme gurudumu lilikuwa na sentimita 10 za kupanda kabla ya kugota kwenye mpira wa mwisho, na baada ya grenda limebaki na 5. Nusu ya umbali ni robo ya uwezo. Ongeza ile asilimia 27 ya ugumu, na bado unapata chini kidogo ya theluthi moja ya kile springi ilichokuwa ikimeza jana. Ili kufidia sentimita 5 zilizopotea, ugumu ungepaswa kupanda mara nne, na hakuna fundi atakayekubali kumpa dereva gari la namna hiyo. Theluthi mbili zinazobaki hazipotei hewani. Zinagonga mpira, zinapita kwenye kikombe cha juu cha shokapu, zinaingia kwenye bati la ndani ya fenda. Fungua boneti baada ya mbio mbili tatu, uifute vumbi ile duara ambayo boliti za shokapu hushikilia, utaona rangi imepasuka kwa nyufa nyembamba kama nywele. Hapo ndipo koili moja na nusu ilipokwenda.

Na hilo ni gurudumu likipanda tu. Likishuka, yaani gari likiwa hewani na gurudumu likining'inia, springi iliyofupishwa haijai tena kati ya vikombe vyake viwili. Inalegea, inajizungusha, inarudi ikiwa imekaa upande, na gari linatua juu ya springi isiyokaa sawa. Ncha iliyokatwa haikai bapa kama ile ya kiwandani, kwa hiyo uzito wote unaegemea sehemu moja ndogo ya chuma. Wapo wanaokata kwa moto wa gesi badala ya grenda, na hao wameiharibu hata ile springi iliyobaki, maana joto limeua ukakamavu wa chuma. Shokapu nayo ilipimwa kwa ajili ya springi laini. Ikikutana na springi ngumu zaidi haiwezi kuizuia isirudi kwa kasi, ndiyo maana pua inarukaruka baada ya kishindo badala ya kutulia.

Nitajibiwa kwamba gari likishuka, uzito unakaribia ardhi na kona zinapitika vizuri zaidi. Juu ya lami hoja hiyo ina ukweli, na siikatai. Ila hata huko ipimwe. Kama kitovu cha uzito kilikuwa sentimita 55 kutoka ardhini na umekishusha kwa 5, umepunguza uhamaji wa uzito kwenye kona kwa asilimia 9. Ni faida ndogo, na 504 inaidai irudishwe kwa njia nyingine. Mbele ina mguu wa MacPherson, mkono mmoja wa chini na shokapu iliyosimama. Ukiishusha, mkono ule unaanza kuelekea juu upande wa gurudumu, na ile nukta ambayo bodi huizunguka inapolala kwenye kona inashuka haraka kuliko uzito wenyewe ulivyoshuka. Umbali kati ya viwili hivyo unaongezeka, kwa hiyo bodi inapata hamu zaidi ya kulala, na sehemu ya ule ugumu ulioupata inatumika kuizuia. Nyuma, wanaposhusha pia, mikono ya 504 ya saluni inayafanya magurudumu yaingie ndani juu, na tairi zinaliwa upande mmoja. Mwenye kutaka gari lisilale kwenye kona afunge stablaiza nene zaidi. Stablaiza inafanya kazi kwenye kona na kuyaacha magurudumu yapande na kushuka pamoja kwenye matuta.

Hoja nyingine ni kwamba magari ya ushindani siku zote huwa magumu. Anayesema hivyo ameangalia picha za mbio za lami Ulaya na kusahau historia yetu. Mwaka 1975 Lancia walileta Stratos kwenye Safari Rally. Lilikuwa gari lililobuniwa tangu mwanzo kwa ajili ya mashindano: fupi, pana, limelala chini, na injini ya V6 ya Ferrari mgongoni mwa dereva. Madereva wake walikuwa Sandro Munari na Björn Waldegård, si watu wa kuokota barabarani. Walimaliza wa pili na wa tatu. Mbele yao alikuwa Ove Andersson ndani ya 504, gari la familia lenye milango minne na springi laini ndefu. Mwaka uliofuata Joginder Singh alishinda na Lancer ya injini ya 1600, na Lancer nyingine mbili zikamfuata. Mwaka 1978 Porsche, ambao wanajua kutengeneza gari lililolala chini kuliko kampuni nyingi duniani, walikuja na 911 SC. Walifanya nini kwanza? Waliliinua hadi sentimita 28 kutoka ardhini. Vic Preston Jr alimaliza wa pili, na mbele yake akawa Jean-Pierre Nicolas ndani ya 504 Coupé. Wahandisi wa Stuttgart waliinua gari ili lije kwetu. Sisi tunashusha gari lililokwisha kushinda hapa.

Joginder ndiye kipimo changu katika mambo haya, na sitachoka kumtaja. Alikuwa fundi kabla ya kuwa bingwa. Alianza Safari mara 22 akamaliza mara 19, akashinda mwaka 1965, 1974 na 1976, na ule ushindi wa kwanza aliupata kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika. Bert Shankland wa Dar es Salaam alishinda mara mbili mfululizo, 1966 na 1967, kwa Peugeot 404. Watu hao waliongeza bati la kukinga sampu, wakaimarisha mahali panapovunjika, wakayaacha magurudumu yawe na nafasi ya kutembea. Walielewa kwamba kwenye njia ya maelfu ya kilomita, gari linaloenda kasi ni lile ambalo bado lina magurudumu manne yaliyoshika ardhi siku ya mwisho.

Nilishaandika kuhusu rimu na narudia, kwa sababu zinaambatana na grenda. 504 ilitoka na tairi ya 175 kwenye rimu ya inchi 14, yenye ukuta wa mpira wa karibu sentimita 14. Ukiweka 205/40 kwenye rimu ya inchi 17, ukuta unabaki sentimita 8, na kwa kuwa duara zima limepungua, gari limeshuka sentimita 2 nyingine bila kuguswa springi. Mpira ule ndio springi ya kwanza ya gari, inayokutana na jiwe kabla ya kitu kingine chochote.

Iko hoja moja ninayoiheshimu, nayo ni ya fedha. Springi mpya zilizopindwa kwa kipimo hugharimu, shokapu ndefu zaidi hugharimu kuliko hizo, na si kila mwenye 504 ana mfuko wa kuagiza. Lakini asiye na fedha ana jawabu la bure, ambalo ni kuiacha springi ya kiwandani kama ilivyo. Peugeot walitengeneza shokapu zao wenyewe wakati wenzao wengi walinunua kwa wengine, na waliipima 504 kwa barabara mbovu. Fedha kidogo zilizopo ziende kwenye bushi mpya, mafuta mapya ya shokapu na vipande vya bati vya kuimarisha vikombe vya juu. Gari lililofanyiwa hayo litaliacha nyuma lile lililokatwa kabla ya mchana.

Kwa hiyo, fundi, kabla hujaigusa grenda, weka 504 kwenye ardhi tambarare ikiwa na mafuta, dereva na msoma ramani ndani yake. Pima kutoka mpira wa mwisho hadi mahali unapogota. Andika kipimo hicho ukutani. Kisha mwite mwenye gari, mweleze kila sentimita anayotaka uitoe inamwondolea kiasi gani, na springi uirudishe nzima.