Joka Anavyochongwa Ndani ya Kompyuta

Joka wa filamu fupi Sintel, iliyotolewa na Blender Foundation Septemba 2010, ana miili miwili: kinda aliyetunzwa na msichana, na joka mzima anayepambana naye miaka mingi baadaye. Kinachofichua kwamba wawili hao ni mmoja ni kovu la bawa. Kovu hilo lisipochongwa likaonekana, hadithi haina mwisho.

Hata hivyo kazi ya namna hii haianzi na kovu wala magamba. Huanza na bonge. Mchongaji huwasha ulinganifu ili kila afanyacho kushoto kijitokeze kulia, kisha kwa brashi pana huvuta shingo na kubinya kiuno mpaka kiumbe atambulike hata akiwa kivuli cheusi kitupu.

Haraka hapa ni hatari. Programu ya Blender hugawa kila uso, yaani kila kipande bapa cha umbo, katika vinne kwa kila ngazi ya undani inayoongezwa, hivyo umbo la nyuso 5,000 likipandishwa ngazi tano hufikia nyuso 5,120,000. Kompyuta ya kawaida huelemewa, na shingo iliyokosewa hubaki imekosewa chini ya magamba mazuri.

Umbo zito kiasi hicho halihuishiki kirahisi. Basi juu yake hufumwa wavu mpya mwepesi, mistari yake ikizunguka macho, mdomo na maungio, ili ngozi ikunjike mahali pake. Magamba huhamishiwa kwenye ramani, yaani picha inayoelekeza mwanga uakisiwe vipi kana kwamba kuna mabonde na vilima. Ustadi wa mchongaji upimwe hapa, si kwenye picha inayong'aa. Joka asiyeweza kufungua kinywa ni sanamu tu.

Kiumbe wa kuchonga si lazima atoke mbali. Mwaka 2023 Mganda Raymond Malinga alionyesha katika Herderboy, mojawapo ya filamu kumi za mkusanyiko wa Kizazi Moto kwenye Disney+, kwamba wachunga ng'ombe wa simulizi za Wachwezi wanatosha kujenga ulimwengu wa ajabu. Kijana wa Gikundamvura, wilayani Rusizi nchini Rwanda, anayetaka kuchonga joka ana hazina kama hiyo: shujaa wa simulizi Ryangombe na nyati aliyemuua, pembe ndefu za ng'ombe wa inyambo, na mamba wa Mto Rusizi, ambao upande wa Burundi waliipa dunia mamba jitu Gustave. Mamba ni mwalimu bora wa magamba. Mgongoni yana matuta ya mfupa yaliyopangwa safu kwa safu. Tumboni ni bapa na laini. Anayebandika gamba moja mwili mzima hajamtazama mnyama.

Blender ni programu huria tangu 2002, baada ya watu kuchanga yuro 100,000 kuikomboa, na faili za Sintel zimeachwa wazi kwa umma. Zipakue, ondoa ramani za ngozi, kisha chunguza wavu ulivyozunguka jicho la joka kabla ya kuanza kuchonga joka wako.