Subira na Mdororo: Mwendo wa Masimulizi na Hisia Mseto za Mashabiki katika Msimu wa Pili wa The Walking Dead

Ikisiri

Msimu wa pili wa tamthilia ya televisheni ya Marekani, The Walking Dead (2011–2012), ulilalamikiwa na mashabiki wake kwa kwenda polepole mno, ilhali idadi ya walioutazama iliongezeka. Makala hii inashikilia kuwa malalamiko hayo na uaminifu huo havipingani. Neno "polepole" limekuwa likichanganya mambo mawili yanayostahili kutenganishwa, yaani subira ya masimulizi na mdororo wa masimulizi. Msimu huu una yote mawili, na mashabiki waliyahisi yote mawili.

1.0 Utangulizi

The Walking Dead ilianza kuoneshwa na kituo cha AMC tarehe 31 Oktoba 2010. Chimbuko lake ni mfululizo wa vitabu vya katuni vya Robert Kirkman ulioanza kuchapishwa mwaka 2003. Msimu wa kwanza ulikuwa na sehemu 6 tu, zilizojaa mbio na hatari ndani na kandokando ya jiji la Atlanta. Msimu wa pili ulipewa sehemu 13, na nyingi kati ya hizo hazitoki katika shamba la mzee Hershel Greene, huko Georgia. Mnamo Julai 2011 Frank Darabont, aliyeiasisi tamthilia, aliacha uongozi wake, na Glen Mazzara akaupokea. Shabiki aliyezoea kukimbizwa na wafu alijikuta akiwatazama walio hai wakibishana barazani.

Istilahi inahitaji tahadhari. Wahusika hawatamki neno "zombi". Maiti hao huwaita "watembeao". Aidha, msukule wa masimulizi ya Tanzania, anayedhaniwa amekufa kumbe anatumikishwa na mchawi, yuko karibu zaidi na zombi wa Haiti kuliko maiti hawa wasio na bwana. Katika tamthilia hii hakuna mchawi wa kulaumiwa. Ndiyo maana kila swali huwarudia walio hai: wafanye nini, na kwa haki ipi?

2.0 Subira yenye Mzigo

Katika sehemu ya kwanza ya msimu, iliyooneshwa tarehe 16 Oktoba 2011, mtoto Sophia anapotelea msituni. Anatafutwa kwa sehemu saba. Wengi walilalamika: kwa nini msako usifike mwisho? Hata hivyo, jibu la tarehe 27 Novemba linabadili maana ya majuma yote yaliyotangulia. Hershel amekuwa akiwafungia wafu ghalani, akiwemo mke wake, kwa imani kwamba ni wagonjwa watakaopona. Shane anavunja mlango, wafu wanapigwa risasi mmoja baada ya mwingine, na wa mwisho kutoka ni Sophia. Rick, aliyemsihi Shane auache mlango huo, ndiye anayempiga risasi.

Tukio hili lisingekuwa na uzito kama lingefika katika sehemu ya pili. Mtazamaji alihitaji kuchoka kusubiri, na pengine kutamani kimoyomoyo kwamba mtoto huyo asahauliwe ili hadithi isonge, ndipo tamaa hiyo imsute. Wahenga walisema subira huvuta heri. Hapa subira haikuvuta heri, bali ilivuta ukweli. Hata waliosoma katuni hawakuwa na kinga, kwa kuwa humo Sophia hafi. Huu ndio upolepole tunaouita subira ya masimulizi: muda unaongezeka, na thamani ya kinachosubiriwa inaongezeka nao.

3.0 Mdororo

Malalamiko, hata hivyo, hayakuwa ya bure. Nusu ya pili ya msimu inamleta Randall, kijana wa kundi hasimu aliyetekwa akiwa na jeraha. Je, auawe au aachwe? Swali ni zito. Lakini Rick na Shane wanamsafirisha maili 18 ili wamwache huko, kisha wanamrudisha shambani, na mjadala unaanza upya. Dale peke yake ndiye anayepewa hoja kamili ya kutetea uhai wa mateka. Wengine wananyamaza au wanarudia hofu ileile. Mjadala usio na hoja mpya haujengi taharuki, hata ukichukua saa nzima. Huo ndio mdororo.

Kasoro kubwa zaidi, kwa maoni yetu, ni ile inayomhusu Carol, mama wa Sophia. Uzito wote wa nusu ya kwanza unatokana na kusubiri kwake. Baada ya ghala kufunguliwa, angekuwa mhusika wa kwanza kusikilizwa. Badala yake, masimulizi yanarudi kwenye ushindani wa Rick na Shane, na majonzi yake yanabaki pembeni. Tamthilia ilikopa subira kutoka kwa mama huyu, lakini haikumlipa. Shabiki aliyesema "hakuna kinachotokea" pengine alikuwa akisema kwamba kilichotokea hakikupewa nafasi.

4.0 Takwimu na Hisia

Nchini Marekani, sehemu ya kwanza ya msimu ilitazamwa na watu wapatao milioni 7.3. Ile ya mwisho, ya Machi 2012, ambamo shamba linavamiwa na wafu na ghala kuteketea, ilitazamwa na takriban milioni 9. Mshauri wa sera anayesoma takwimu pekee angehitimisha kuwa hapakuwa na tatizo. Anayesoma malalamiko pekee angeagiza mbio zaidi. Wote wawili wangekosea. Takwimu zinatuambia kwamba watu walibaki, lakini hazituelezi walichokuwa wakikivumilia wala walichokuwa wakikingojea. Malalamiko nayo yanaonesha mahali panapouma bila kutaja ugonjwa.

5.0 Hitimisho

Hisia mseto za mashabiki hazikuwa ishara ya kutojua kutazama. Zilikuwa usomaji sahihi wa kazi isiyolingana na nafsi yake. Kwa wahakiki, pendekezo letu ni kuacha kutumia "polepole" kama hukumu, na kuuliza kila mara: je, kusubiri huku kunaongeza uzito wa kinachosubiriwa? Kwa wanaotathmini au kufadhili tamthilia katika ukanda wetu, ambako kila mfululizo hupimwa kwa wingi wa watazamaji, tunapendekeza hesabu hiyo iambatane na usikilizaji makini wa maneno ya watazamaji wenyewe. Mtazamaji anayelalamika na kurudi juma lijalo anastahili kusikilizwa kuliko wote, kwa kuwa bado ana imani na hadithi.