Rupia ya Kofia ya Tai: Nimeishika Mkononi, Newala

Niseme hivi kabla sijapoa: hakuna sarafu ya fedha iliyowahi kupanda Umakondeni iliyo nzuri kuliko rupia ya Kampuni ya Kijerumani. Hakuna! Nimezitazama pichani miaka na miaka, nimezikariri kwenye katalogi, nimebishana na marafiki wanaopenda za Waingereza mpaka soda zikapata moto. Lakini kuishika yenyewe, ya mwaka 1892, iliyotoka kwenye sanduku la bati la familia mjini Newala na si kwenye mfuko wa plastiki wa mnada wa Ulaya, ni habari nyingine kabisa.

Tuanze na uso, maana uso ndio unaokukamata. Kaisari Wilhelm II ameangalia kushoto, masharubu yamesimama, kichwani ana kofia ya chuma ya kikosi cha walinzi wake, na juu ya kofia ametua tai aliyekunjua mabawa. Tai mzima, jamani, kwenye kisarafu chenye upana wa milimita 30! Ukiiinamisha kidogo dirishani, mwanga unatambaa kwenye manyoya yake, moja baada ya jingine. Pembeni yake kuna Kilatini: GUILELMUS II IMPERATOR. Igeuze. Simba anatembea mbele ya mti (mnazi au mtende, wachongaji wa Berlin hawakujisumbua kutufafanulia), pamoja na jina refu la Kampuni ya Ujerumani ya Afrika Mashariki na mwaka. Hii ya Newala tai wake amelika kifuani, masharubu yamebaki nusu, lakini nywele za shingo ya simba bado unazihesabu. Kwa sarafu iliyozunguka kwenye vidole vya watu, hiyo ni hali nzuri sana.

Halafu uzito. Rupia hizi zilitoka kiwandani na gramu 11.66, fedha sehemu 917 kati ya 1000. Huo ni uzito wa tola moja kamili, kipimo cha India, na haukuchaguliwa kwa bahati. Kampuni ilianza kupiga sarafu mwaka 1890, na kuanzia Lindi na Mikindani hadi Unguja wafanyabiashara walikuwa wanahesabu kwa rupia ya India, ile ya Malkia Victoria. Ungewaletea kipande chepesi wangekirusha mizanini mara moja na kukurudishia. Kwa hiyo Kampuni ikaiga uzito na ubora wa fedha, ikabadili sura tu. Hii niliyoishika inasoma gramu 11.4 kwenye mizani yangu ya mfukoni. Robo gramu imebaki kwenye mikono ya watu wa kusini.

Ilipandaje huko juu? Njia zilikuwa nyingi. Uwanda wa juu wa Makonde ulikuwa na mpira wa mwituni na sandarusi, bidhaa zilizoteremshwa pwani kwa vichwa vya watu na kurudi zimegeuka nguo, chumvi na fedha. Upande wa Masasi, wamisionari Waanglikana wa UMCA walikwishaweka makazi mwaka 1876, Askofu Edward Steere alipowaleta watu waliokombolewa utumwani kutoka Unguja, na misheni nayo ilikuwa na mishahara ya kulipa na chakula cha kununua. Kisha ikaja kodi, na kodi ndiyo iliyoisukuma rupia mpaka kwenye kila kitongoji, kwa nguvu, si kwa biashara. Kufikia 1905 serikali ya Wajerumani ilikuwa inadai rupia 3 kwa mwaka. Mwaka huohuo vita vya Maji Maji vilifika Masasi na misheni ikachomwa moto. Mwaka mmoja baadaye, 1906, mtafiti Karl Weule kutoka Leipzig alipita Masasi na kupiga kambi Newala, akinunua vinyago, ala na vyombo kwa ajili ya makumbusho ya mji wake. Vitu vilikwenda Ulaya. Hela alizowalipa watu zilibaki huku.

Sasa subirini, maana ndani ya sanduku lile hakukuwa na rupia moja tu. Kulikuwa na foleni nzima ya historia, na ukiipanga mezani kwa miaka unaona fedha ikinyonywa mbele ya macho yako. Rupia ya Kampuni ya 1892: karibu gramu 10.7 za fedha tupu. Rupia ya serikali ya 1910, yenye herufi J chini yake kwa sababu ilipigwa Hamburg (ya Berlin ina A): fedha ileile, ila upande wa pili simba amefukuzwa, badala yake kuna neno RUPIE na mwaka katikati ya makuti mawili. Safi, lakini haina moyo. Florini ya Mwingereza ya 1920: uzito uleule wa gramu 11.66, lakini fedha imeshushwa mpaka nusu. Halafu shilingi ya Afrika Mashariki ya miaka ya 1920, yule simba mwenye milima mgongoni ambaye wazee wengi wanamkumbuka: gramu 7.78, na robo tu yake ndiyo fedha. Yaani gramu 2 hazifiki! Kuanzia 1948 fedha ikaisha kabisa, ikawa shaba na nikeli. Watu wanasema sarafu za zamani zilikuwa nzito kwa sababu ya heshima. Mizani yangu inasema walikuwa wanapunjwa kidogokidogo.

Na kulikuwa na reale ya Maria Theresa pia, bonge la mama, gramu 28, yenye tundu juu ya kichwa cha malkia. Hapa nawaonya wanaoanza kukusanya. Imeandikwa 1780, mwaka aliofariki, lakini mwaka huo haukubadilishwa tena, na viwanda vya Vienna, London, Roma, Bombay na kwingineko viliendelea kuipiga. Austria inaipiga mpaka leo. Kwa hiyo ina fedha nyingi kuliko hata rupia 2 ya Mjerumani, lakini kwa mkusanyaji kwa kawaida bei yake ni ya fedha yake tu na nyongeza ndogo. Mwaka ulioandikwa juu ya sarafu si cheti cha kuzaliwa.

Hapo ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo tuzungumze bei bila kuoneana aibu. Rupia 1 ya Kampuni ilipigwa kuanzia 1890 hadi 1894, kisha 1897 hadi 1902. Ya mwaka wa kawaida, iliyochakaa kiasi, kwenye minada ya Ujerumani inauzwa kwa makumi ya euro. Si mamilioni ya shilingi. Nusu rupia na robo rupia zilipigwa kwa miaka michache, na robo iliyobaki na tai mwenye manyoya ni kitu cha kukurusha kitini, kwa sababu vipande vidogo ndivyo vilivyosagwa sokoni kuliko vyote. Lakini mfalme ni rupia 2. Gramu 23.32, upana wa milimita 35, uso uleule ukiwa umepewa nafasi ya kupumua. Ilipigwa miaka miwili tu, 1893 na 1894, na ya 1894 ni adimu zaidi. Hiyo inaanzia mamia ya euro, na iliyo safi hupita elfu. Sijaishika bado. Nikiishika mtasikia kelele mpaka Tunduru.

Kinachopandisha bei ni makunyanzi madogo ambayo jicho la haraka halioni: kifua cha tai, mkunjo wa masharubu, nywele za simba, michirizi ya ukingoni. Kinachoiua bei ni usafi. Nasema tena, usafi! Ule weusi wa kijivu, wenye rangi ya samawati pembeni, ndio ngozi ya sarafu. Umejengwa na miaka zaidi ya mia. Mtu anakuja na majivu, ndimu, dawa ya meno, anasugua mpaka inang'aa kama kijiko kipya, kisha anashangaa mnunuzi anarudi nyuma. Mikwaruzo ile haifutiki. Kama ina udongo, loweka kwenye maji safi, ikaushe kwa kuigusisha kitambaa laini bila kusugua, basi. Ishike ukingoni. Usiitie kwenye mfuko wa suruali pamoja na funguo, nakuomba kwa mikono miwili.

Tundu nalo hupunguza bei vibaya, mara nyingi zaidi ya nusu. Katika hili natofautiana na soko. Rupia iliyotobolewa kusini ilivaliwa shingoni na mtu wa kusini, ikacheza ngoma, ikaenda unyagoni. Mkusanyaji wa Berlin anaiona imeharibika. Mimi nikipewa mbili, moja safi isiyo na historia na nyingine yenye tundu na jina la ukoo nyuma yake, naichukua ya tundu na sitaki chenji.

Ilipofika Vita vya Kwanza vya Dunia, rupia hizi zikawa dhahabu ya maskini. Mwezi Septemba 1916 Wareno walivuka Ruvuma, na Oktoba wakaliteka boma la Newala. Mwishoni mwa Novemba Wajerumani wakawatimua. Mwaka uliofuata vita vyote viliteremkia kusini, mpaka Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alipovuka Ruvuma pale Ngomano tarehe 25 Novemba 1917. Katikati ya vurugu hizo serikali ya Wajerumani ilikuwa inalipa kwa noti za dharura, na zile za 1917 zilichapwa porini kwa herufi za mihuri ya kuchezea watoto. Fikiria wewe ni mkulima, mkono mmoja umepewa karatasi ya muhuri wa mtoto, mkono mwingine una tai wa fedha. Utaficha kipi? Ndiyo maana bado zinaonekana chini ya sakafu za nyumba za zamani na ndani ya vyungu vilivyozikwa.

Ndiyo maana pia porojo haziishi. Masasi nilikutana na vijana walioniapia kwamba rupia "halisi" inavuta mchele, inazima redio, ina zebaki ndani yake, na kuna tajiri anaitafuta kwa bei ya ghorofa. Fedha haivuti mchele. Haivuti chochote, ukiisogezea sumaku ikanasa, hiyo si fedha, ondoka. Mtu anayetaka umpe kwanza hela ya "kipimo" au ya "wataalamu" anakupima wewe, si rupia. Vipimo vya kweli ni vya bei rahisi: mizani, rula na kioo cha kukuzia. Iliyochakaa inaweza kupungua robo au theluthi ya gramu. Ikisoma gramu 9, au ikazidi sana 11.66, una tatizo. Zilizomiminwa kwenye kalibu zina vitundu vidogo uwanjani na herufi zenye midomo mviringo, wakati herufi za iliyopigwa zimesimama wima na makali. Igonge taratibu juu ya mbao: fedha hulia na kuimba, risasi husema "tap" ikanyamaza. Na rupia 2 ndiyo inayoghushiwa kuliko zote, kwa sababu ndiyo inayolipa.

Kuhusu kuuza nje, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863 na kudai kibali cha kuvitoa nchini. Rupia za tai ni changa kwa kipimo hicho, lakini rupia ya India ya 1840 siyo, kwa hiyo uliza idara husika kabla hujaifungia bahasha.

Hukumu yangu? Kwa uchongaji, kwa uzito, kwa ubishi ulioibeba kutoka Berlin hadi juu ya korongo la Ruvuma, rupia ya Kampuni inaziacha zote. Rupia ya serikali ni ya kununua kama unataka kujaza miaka. Florini ni ya wenye huruma.

Mwenye sanduku, bibi ambaye marehemu baba yake alibeba mizigo ya mpira kwenda Mikindani, alinisikiliza nikipayuka haya yote huku akimenya muhogo.

"Bibi," nilimwambia wakati wa kuaga, "hizi hukupata kuwa na kubwa zaidi? Yenye tai huyuhuyu, ila kubwa?"

"Mjukuu wangu, zile kubwa baba alizipeleka kwa sonara."

"Kufanya nini?"

Akapandisha mkono wa gauni. Bangili! Nilikuwa nimekaa mbele yake tangu asubuhi nikiitazama sarafu. Akaivua bila kinyongo, nikaiweka mizanini kwa mikono inayotetemeka. Gramu 46 na ushee. Piga hesabu mwenyewe: rupia 2, mbili, zimeyeyushwa pamoja. Au zilikuwa nne za rupia 1. Najiambia zilikuwa nne, ili nipate usingizi.