Shali ya Kashmir na Waandishi Wake

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ni kweli tupu sokoni, lakini haitoshi katika uhakiki, kwa kuwa kizuri huweza kujiuza pasipo kumtaja aliyekifanya. Shali ya Kashmir ni mfano wa jambo hili. Imesifiwa kwa ulaini wake, wepesi wake na rangi zake. Wachache wameisifu kwa lile ambalo, kwa maoni yangu, ni kubwa kuliko yote: kwamba shali hii, kabla ya kuwa nguo, huwa maandishi.

Sufu yake hutoka kwa mbuzi wa nyanda za juu za Ladakh. Nakshi ya shali iitwayo kani haitiwi kwa sindano; hufumwa ndani ya nguo kwa vijiti vidogo vya mti, kila kimoja na uzi wa rangi yake. Kwa desturi ya zamani watu watatu humtangulia mfumaji. Wa kwanza ni naqqash, mchoraji. Jina lake na neno letu nakshi ni ndugu wa mzizi mmoja wa Kiarabu. Wa pili hutazama mchoro akataja rangi na hesabu ya nyuzi, mstari baada ya mstari. Wa tatu huyaandika yatajwayo kwa alama za mkato. Maandishi hayo huitwa talim, na mzizi wake ndio uliotupa sisi elimu na mwalimu.

Mfumaji huisoma talim na kuitii. Hufuma upande wa nyuma ukiwa juu na uso wa nguo ukiwa chini. Kazi ya mwaka mzima au zaidi huenda ikapita mikononi mwake bila ya uzuri wake kumwelekea. Wako watakaosema kwamba mtu huyu basi ni mnakili tu, na kwamba sifa yote ni ya mchoraji. Hoja hii ina nguvu, walakini siikubali. Msomaji hodari wa utenzi hakuutunga, lakini pasipo sauti yake utenzi hulala kimya karatasini. Talim yasema rangi gani na nyuzi ngapi. Haisemi uzi ukazwe kiasi gani, wala jinsi rangi mbili zitakavyounganishwa pasipo kuonekana fundo. Hayo hujibiwa na mkono uliofunzwa tangu utotoni.

Historia imewatendea wasomaji hawa vibaya. Katika Mkataba wa Amritsar wa mwaka 1846, Waingereza walimpa Gulab Singh nchi ya Kashmir kwa rupia milioni saba na nusu, naye akatakiwa kutoa kila mwaka farasi mmoja, mbuzi kumi na wawili wa sufu, na jozi tatu za shali. Shali zilihesabiwa katika mkataba, wafumaji hawakutajwa. Chini ya utawala huo walilemewa na kodi, na tarehe 29 Aprili 1865 walipoandamana mjini Srinagar kuilalamikia, askari waliwasukumia mtoni. Kwa hesabu iliyozoeleka walikufa ishirini na wanane. Kisha vita vya Ufaransa na Prussia vya mwaka 1870 viliivunja biashara ya shali Ulaya, na talim ikaendelea kwa wingi katika ufumaji wa mazulia.

Hata jina la nakshi halikusalimika. Umbo lile la tone lililopinda ncha, ambalo sisi katika kanga twaliita korosho, huitwa buta katika shali. Lakini sehemu kubwa ya ulimwengu hulijua kwa jina la Paisley, mji wa Uskoti ulioliiga kwa mitambo katika karne ya 19. Kuiga si dhambi, maana sanaa zote huazimana. Kosa ni pale mwigaji anapobaki na jina na aliyeigwa akabaki na umaskini.

Mwaka 2008 sheria ya India ililinda jina la pashmina ya Kashmir. Ni jambo jema, lakini jina la mahali halitaji mikono. Siku hizi kompyuta nayo hutoa talim, na sioni sababu ya kuilaani, kwani kalamu haikumdhuru mtunzi. Hofu yangu ni kwa msomaji: kijana atakapoona kwamba kusoma talim hakumlishi, ataiacha, na maandishi yatabaki bila mtu wa kuyafuma.

Kwa sababu hii nawasihi wanafunzi wa fasihi wasiishie kwenye kibao cha makumbusho kinachotaja nchi na karne. Wakionyeshwa shali, waulize talim yake iko wapi, nani aliiandika, na nani aliisoma. Yafaa tumpe mfumaji heshima ile ile tumpayo msomaji wa utenzi.