Heko kwa Watu wa Mifumo

Mfumo ukiwa mzima, hakuna anayemkumbuka anayeutunza. Ukigoma benki na foleni ikafika mlangoni, ndipo kila mtu anauliza, "Mtu wa IT yuko wapi?"

Mwaka 2000 Ted Kekatos, msimamizi wa mifumo wa Marekani, aliwatengea wenzake siku ya kushukuriwa: Ijumaa ya mwisho ya Julai. Vizuri, ingawa Ijumaa ndiyo siku wanayoiogopa, maana badiliko la Ijumaa jioni hula Jumamosi nzima.

Misimamo yao huwafanya waonekane wakaidi. Nakala rudufu isiyowahi kujaribiwa kurejeshwa, kwao si nakala. Toleo jipya lisubiri kwanza. Nenosiri halibandikwi kwenye skrini! Mimi naona ni uangalifu tu. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho moja bovu la kampuni ya CrowdStrike liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 duniani, na safari nyingi za ndege zikafutwa. Kompyuta nyingi hazikuponyeka kwa mbali, kwa kuwa hazikuweza hata kuwaka sawasawa. Ilibidi mtu aifuate kila moja ilipo, aiwashe katika hali salama, afute faili lenye kasoro, kisha ahamie nyingine. Nani aliyekesha akifanya hivyo? Hao hao wakaidi.

Basi Julai ikifika mpelekee mtu wako wa IT walau chai. Na ukimpigia simu, usiseme tu "haifanyi kazi". Msomee ujumbe ulioandikwa kwenye skrini.