"Mahali Pabaya" katika Maandishi kuhusu Rumonge na Mwambao wa Burundi wa Ziwa Tanganyika

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna mwambao wa Burundi wa Ziwa Tanganyika, hususan Rumonge, ulivyosawiriwa kuwa mahali pabaya katika maandishi ya wageni na katika masimulizi ya waliotoka huko. Hoja kuu ni kwamba ubaya unaosimuliwa ni wa matukio, bali mara nyingi huhamishwa na kubandikwa mahali. Uhamishaji huo una athari, kwani umegusa swali la nani ana haki ya kurudi na kumiliki ardhi.

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema, nyumba usiyolala ndani huijui ila yake. Methali hii inaweka sharti juu ya anayetaka kutaja ubaya wa mahali: awe amelala humo. Sarufi ya Kiswahili nayo ina sharti lake. Ngeli ya mahali hugawanyika katika pa- ya mahali dhahiri, ku- ya mahali pasipo mipaka dhahiri, na mu- ya ndani. Mzungumzaji asemapo hapa, huku au humu, tayari amejulisha amesimama wapi. Mgawanyo huu unatumiwa katika makala haya kama nyenzo ya uhakiki: ni nani anayesema kuwa mwambao ni mbaya, na anasema akiwa hapa, huku, au humu?

2.0 Sauti ya mpitaji

Richard Burton na John Speke walilifikia Ziwa Tanganyika Februari 1858. Burton alikuwa mgonjwa, miguu haimbebi sawasawa. Speke alikuwa karibu kupoteza macho. Katika kitabu chake cha 1860, Burton anakiri kwamba mtazamo wa kwanza wa ziwa ulimvunja moyo, na kwamba baada ya hatua chache tu uzuri wake ukamshangaza. Mahali hapakubadilika, aliyebadilika ni mtazamaji.

Busara hiyo haikudumu. Aprili 1858 wasafiri hao walipanda mitumbwi kuelekea kaskazini, wakipita mwambao wa Burundi hadi Uvira, wakitafuta mto utokao ziwani. Waliambiwa kuwa Rusizi huingia ziwani, hautoki. Katika masimulizi ya safari hiyo, mvua, maji ndani ya mtumbwi, kukosa usingizi na ugomvi na wapiga makasia vinasimuliwa pamoja na hukumu kali juu ya nchi na watu wake. Burton hasemi uongo juu ya mateso yake. Kasoro iko katika mantiki: maradhi ya msafiri na matumaini yaliyovunjika yanageuzwa kuwa sifa ya mwambao. Anaandika kana kwamba yupo hapa, ilhali yupo huku, akipita.

Ulinganisho unathibitisha jambo hili. Novemba 1871 Henry Stanley na David Livingstone walipita maji yale yale hadi Rusizi. Wao pia walikutana na uadui katika sehemu fulani za mwambao. Hata hivyo, kitabu cha Stanley cha 1872 kina uchangamfu mkubwa zaidi, kwa kuwa msimulizi alikuwa amekwisha kumpata aliyekuwa akimtafuta. Mwambao mmoja umepata hukumu mbili.

Umbo la tatu la sauti hii linatokana na kifo. Wamisionari wa Afrika walifungua kituo Rumonge mwaka 1879. Mei 1881 watatu miongoni mwao waliuawa na kituo kikaachwa. Katika kumbukumbu za kimisionari, jina la Rumonge limefungamana na siku ile moja, ingawa watu wa Rumonge waliendelea kuvua na kulima baada yake.

Katika karne hii, upitaji umechukua umbo la orodha. Ripoti ya Furaha Duniani ya 2018 iliiweka Burundi nafasi ya 156, ya mwisho kati ya nchi 156. Haki inadai isemwe kwamba ripoti hiyo ilitegemea majibu ya wakaazi wenyewe. Lakini wakaazi waliulizwa wapime maisha yao kwenye ngazi ya sifuri hadi kumi. Hawakuulizwa kama nchi yao ni mahali pabaya. Anayeisoma orodha kama hukumu juu ya mahali anarudia kosa la mantiki lililoonekana kwa Burton.

3.0 Sauti ya aliyetoka

Ingekuwa rahisi kukomea hapo na kuwalaumu wageni. Mwambao huu, hata hivyo, umeona ubaya ambao wenyeji wenyewe hawaukani. Tarehe 29 Aprili 1972 uasi ulianza katika maeneo ya Rumonge na Nyanza-Lac, na Watutsi wakauawa. Ulipizaji wa dola ulienea nchi nzima. Wahutu waliouawa hukadiriwa kuwa kati ya 100,000 na 300,000. Maelfu walivuka kwenda Tanzania na wengi wakapelekwa Ulyankulu, Katumba na, baadaye, Mishamo.

Warundi huyaita mauaji ya 1972 ikiza, yaani janga. Uteuzi wa neno hilo ni ushahidi muhimu. Waliopatwa hawakutoa jina la mahali. Walitoa jina la lililowapata.

Liisa Malkki, katika Purity and Exile (1995), anaonyesha kwamba wakimbizi wa Mishamo waliujenga ugumu wa kambi kuwa sehemu ya historia yao kama taifa lililo uhamishoni, ilhali waliokaa mjini Kigoma walichanganyika na wenyeji na hawakushikilia utambulisho huo. Mchango wake ni mkubwa: wenye asili moja na janga moja hawakuyasoma makazi yao kwa namna moja. Upungufu wake ni kwamba katika masimulizi anayoyachambua nchi iliyoachwa inakuwa zaidi ishara ya taifa. Shamba la michikichi lenye mpaka, mti na jirani halionekani vya kutosha. Humu mwa Rumonge panabaki pembezoni.

4.0 Kutoka lugha hadi ardhi

Upungufu huo si wa kifasihi tu. Baada ya 1972 mashamba ya waliokimbia Rumonge yaligawiwa watu wengine. Mahali palipokimbiwa palisomwa kuwa mahali palipoachwa. Hapo ndipo lugha ya "mahali pabaya" inapogusa maisha, kwa maana asemaye kwamba pale hapakaliki amekwisha kumwondolea aliyetoka sababu ya kurudi. Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000 ulitambua haki ya wakimbizi kurejeshewa mali, ikiwemo ardhi, na tume ya ardhi na mali nyinginezo, CNTB, iliundwa 2006. Waliorudi walikuta mashamba yao yana wakaazi wa miaka zaidi ya 30, wengine wakiwa wamezaliwa hapo hapo. Pande zote mbili zilikuwa na makaburi na miti ya kuonyesha. Hakuna upande uliodai kuwa Rumonge ni pabaya. Kila upande ulidai kuwa ni kwao.

5.0 Hitimisho

Uhakiki huu haupendekezi kuficha maovu kwa jina la uzalendo. Unapendekeza yatajwe kwa majina yake: maradhi ya msafiri, mauaji ya dola na ya waasi, ugawaji wa mashamba. Suala hili halijapitwa na wakati. Miaka ya karibuni maji ya Tanganyika yamepanda na kuzihamisha kaya za mwambao, zikiwemo za Rumonge, na tayari mwambao unaanza kuitwa mahali pasipofaa kuishi. Huenda ni kweli kwa baadhi ya viwanja. Lakini kabla ya kuandika hivyo, mwandishi ajiulize anaandikia wapi, huku au humu, na ni nani atakayechukua kiwanja maji yakishuka.