Sumu Mikononi mwa Fundi

Kuna ufundi wa maabara unaopotea bila hata kuagwa: ufundi wa kuuliza swali kwa tone la sumu.

Mwaka 1932, huko Pasadena, California, Robert Emerson na William Arnold waliutia mwani mdogo wa Chlorella kwenye vichupa vya manometa, chombo cha kupimia shinikizo la gesi ambacho Emerson alikizoea Berlin kwa mwalimu wake, Otto Warburg. Vichupa vilitikiswa ndani ya maji yenye joto lisilobadilika, na jicho likafuata kioevu kikisogea kidogo kidogo mrijani kadiri oksijeni ilivyotoka. Joto likiyumba kidogo tu, kazi ya kutwa imeharibika.

Kisha wakatia sianidi. Chini ya mwanga mkali usiokatika, mwani ulizorota. Mwenye haraka angeandika kwamba sumu imezima usanisinuru, akafunga daftari. Wao hawakuridhika. Waliumulika mwani kwa mimweko ya kama sehemu moja ya laki moja ya sekunde, na baada ya kila mweko wakauachia giza. Giza liliporefushwa, kila mweko ulitoa oksijeni ileile, kana kwamba sianidi haimo! Ikadhihirika kuwa sumu haikugusa upokeaji wa nishati ya mwanga. Ilichelewesha kazi inayofuata gizani. Mwani haukukosa nguvu, ulikosa muda. Sijui jaribio jingine linaloisifu subira kwa ushahidi kama huu.

Sumu nyingine, diuron, hufanya vingine: hukata njia ya elektroni, mwani ukabaki kwenye mwanga tele bila nishati ya kujengea sukari. Mwaka 1961, kule Leiden, Uholanzi, Louis Duysens na wenzake waliitumia kwenye mwani mwekundu walipoonyesha kuwa mitambo ya mwanga katika usanisinuru ni miwili, si mmoja.

Leo diuron hiyohiyo inajulikana zaidi kama dawa ya magugu. Huko Queensland, Australia, mvua imeisomba kutoka mashamba ya miwa hadi kwenye matumbawe, ambayo nayo hulishwa na mwani. Na maabarani kitufe cha mashine hubonyezwa, grafu ikajichora, mwanafunzi akaandika "imezuia" pasipo kuuliza imezuia wapi. Kipimo kimekuwa chepesi, na swali nalo limepungua uzito.

Walimu, mashine wapeni vijana, lakini msiwaruhusu kuandika neno "imezuia" kabla hawajaeleza ni hatua ipi, kwa kiasi gani, na chini ya mwanga gani.